Kauli ya Kukubali

Katika Gare, juu ya milima ya Usambara, mashamba yamepanda mpaka kwenye migongo ya vilima, na maji hushuka kutoka msituni kwa vijito na mifereji kuyafikia. Maji yanayopita katika shamba la mmoja ni maji ya wengine walio chini yake. Kwa hiyo mtu atakayekabidhiwa kazi ya kuyagawa hutazamwa kwa macho makali kuliko mtu mwingine. Chukuliwe kwamba mzee mmoja amepewa na wenziwe haki ya kumtaja mgawaji huyo. Siku ya mkutano mzee amtaja. Wenye mashamba waulizwa, "Mwakubali?" Nao wajibu, "Twakubali." Kati ya maneno mawili hayo limo swali zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekubali jina ambalo hakulichagua yeye amefanya tendo gani? Na deni gani limemwangukia kwa tendo hilo?

Swali hili limevuka mipaka ya mfereji. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 humtaka Rais, ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, amteue Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni, na mteule huyo hashiki kazi mpaka uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa kura za walio wengi. Mawaziri wengine Rais huwateua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na majina yao hayapelekwi Bungeni kuulizwa. Jirani wa kaskazini ameshika njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kwamba kila waziri, nao hawapungui 14 wala hawazidi 22, atateuliwa na Rais na kukubaliwa na Bunge la Taifa kabla ya kuapishwa, tena asiwe mbunge. Uganda nayo, kwa Katiba ya mwaka 1995, hutaka kibali cha Bunge kwa mawaziri. Huko Marekani Baraza la Seneti limekuwa na haki hiyo tangu mwaka 1789, na mara chache limeitumia kwa ukali: mwaka 1989 lilimkataa John Tower, aliyeteuliwa na Rais George Bush kuwa Waziri wa Ulinzi, kwa kura 53 dhidi ya 47. Mto ni mmoja, ila vivuko vyake ni mbalimbali.

Wapo wasemao kwamba kukubali kwa namna hii ni adabu tu. Rais amechaguliwa na taifa zima, na mwenye kupewa kazi lazima aachiwe kuchagua vyombo vyake; seremala haulizi majirani ni randa ipi atakayoishika. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Kama waziri atachaguliwa na mmoja na kukubaliwa na mia tatu, siku ya kuharibika kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, na lawama itapotea njiani kama maji ya mfereji uliotoboka. Walakini mfano wa seremala unachechemea mguu mmoja. Randa haina mali ya mtu mkononi mwake. Waziri anayo. Hugawa mbolea, dawa, vitabu na barabara, na vitu hivyo si vya aliyemteua. Anafanana zaidi na mgawaji wa maji kuliko na randa. Na mgawaji wa maji, hata akitajwa na mzee mwenye hekima, humkuta mwenye shamba la chini akiwa na neno.

Basi kama si adabu, ni nini? Jibu linaloelekea ukweli ni kwamba kukubali ni kudhamini. Mdhamini wa mkopo hakuuomba mkopo, wala fedha hazikuingia mfukoni mwake; lakini kwa kutia sahihi yake amesema, "Namjua mtu huyu, na akishindwa nitafuteni mimi." Anayetia sahihi bila kumjua mdaiwa hawezi baadaye kujitetea kwamba hakumjua. Kutojua kwake ndilo kosa lenyewe.

Mambo mawili yalihitajika ili sahihi ya mdhamini iwe na thamani: awe ameweza kuuliza, na awe ameweza kukataa. Mnamo tarehe 19 Novemba 2015 Bunge la Tanzania lililetewa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, likiwa katika bahasha iliyofungwa. Siku hiyo hiyo lilimthibitisha: kura 258 zilimkubali, 91 zilimkataa, na 2 ziliharibika. Miaka mitano baadaye, Novemba 2020, jina lile lile lilirudi katika Bunge jingine, ambalo upinzani wake ulikuwa umebaki mdogo mno, na kura zote 350 zilimkubali. Mtu wa mahesabu atasema heshima ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mtu wa fikira atasita. Zile 258 za mwaka 2015 zilisemwa mbele ya watu waliokataa, na kila aliyekubali alikuwa ameiona njia nyingine ikipitwa na wenziwe. Yamkini wale 350 wa mwaka 2020 walikubali kwa moyo mweupe, maana mteule alikuwa amekwisha kuonekana kazini miaka mitano, na kumjua mtu kwa kazi yake ni bora kuliko kumjua kwa sifa. Lakini tarakimu yenyewe haiwezi kutuambia. Ridhaa ya kweli, mazoea na hofu huvaa kanzu moja siku ya kupiga kura ya ndiyo, na ni wale wachache wanaosema hapana wanaotusaidia kuzitambua. Kwa maana hii mpinzani humtendea mteule wema asiokusudia.

Milima ya Usambara imekwisha kulijaribu jambo hili kwa gharama kubwa. Mapokeo yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi yanasimulia kwamba Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, alifuatwa na wazee wa Vuga kwa sababu ya sifa zake, akaua simba njiani, akafanywa mtawala. Hakuingia kwa mkuki, aliombwa. Wenyeji walimpa wake, na watoto waliozaliwa wakawekwa kutawala penye wajomba zao. Jambo hilo la wajomba hupitwa upesi na wasomaji wengi, nalo ndilo kiini. Mtoto wa mtawala aliwekwa na baba yake, lakini aliwekwa mbele ya watu waliomlea, waliokijua kilio chake na uwongo wake wa utotoni. Walipomkubali walikuwa wakimdhamini mtu waliyemjua. Na yeye akijua kwamba ujomba ulimpa kiti, aliona haya kuudhulumu.

Mwenye kiti kikuu naye hakuachwa. Wageni walioandika desturi za Vuga wamesimulia kwamba Simba Mwene mpya, siku ya kutawazwa, aliambiwa na watu hadharani kwamba nchi ni yake lakini matumbo yao yanataka kushiba, na kwamba wasiposhiba watamwondoa. Sherehe ilikuwa na shangwe, na ndani ya shangwe kulikuwa na sharti. Ni vigumu kupata mfano bora wa kukubali kulikokamilika: ndiyo iliyotamkwa pamoja na hapana yake ya kesho.

Kisha likaja badiliko. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala karibu nusu karne mpaka kufa kwake mwaka 1862, aliwaweka wanawe kila upande wa nchi iliyokuwa imepanuka sana. Maadamu mzee alikuwa hai, utii ulikuwapo. Walakini utii huo ulikuwa kwa baba. Alipokufa na kiti kushikwa na mjukuu wake Shekulwavu, kijana huyo aliwakuta baba zake wadogo wamekaa imara mahali ambapo si yeye aliyewaweka. Semboja, aliyekuwa Mazinde kando ya njia ya misafara, alikuwa na bunduki, na vita vikazuka. Wabondei wakawafukuza Wakilindi kwao. Watu wengi wakauzwa utumwani. Hapana shaka bunduki na biashara ya pwani zilikuwa na sehemu kubwa katika maangamizi yale, na si haki kulitwika jambo moja mzigo wote. Hata hivyo liko funzo ambalo mwanafunzi wa siasa hawezi kuliruka: mtu aliyewekwa na mmoja tu huwa na deni kwa mmoja tu, na mwenye kudai akifa, deni hufa naye.

Hapa ndipo penye faida ya Bunge kuulizwa. Humgawia mteule wadai wengi. Waziri aliyepita mbele ya baraza anajua kwamba lipo jicho la pili, ambalo halikumchagua na halina haya ya kukiri kosa la uchaguzi. Lakini jicho hilo lazima liwe wazi tangu siku ya kwanza, na historia ya karibuni imeonyesha hatari ya kulifumbua kwa kuchelewa. Edward Lowassa alithibitishwa na Bunge kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa Desemba 2005. Februari 2008 kamati teule ya Bunge hilo hilo, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, ilisoma taarifa yake juu ya zabuni ya umeme wa dharura iliyopewa kampuni ya Richmond, na jina la Waziri Mkuu likaguswa. Lowassa alijiuzulu tarehe 7 mwezi ule, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Wengi waliliona tukio hilo kuwa ushindi wa Bunge, nao hawakukosea. Ila Lowassa alilalamika mbele ya wabunge kwamba kamati haikumwita kumhoji. Makala hii haina mizani ya kupima nani alikuwa na haki katika shauri lile. Mwenyewe alifariki Februari 2024, na hadi mwisho alikana kosa. Kilicho wazi ni kufanana kwa milango miwili. Mtu aliingia katika ofisi kubwa bila mahojiano ya kina, na akatoka humo akisema hakuhojiwa. Baraza lisilozoea kuuliza wakati wa kukubali halipati ghafula ustadi wa kuuliza wakati wa kulaumu.

Je, kuuliza kwenyewe kunatosha? Kenya imejibu kwa namna ya kuhuzunisha kidogo. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana waliopinga muswada wa fedha, Rais William Ruto alilivunja karibu lote Baraza lake la Mawaziri. Majina mapya yalipoletwa, baadhi ya waliofukuzwa walikuwamo. Wateule waliketi mbele ya kamati, wakaulizwa juu ya elimu, mali na sifa zao, taifa likitazama. Na Agosti Bunge la Taifa liliwakubali 19 kati ya 20, likimkataa Stella Lang'at peke yake. Aliyepita amepita na aliyekataliwa amekataliwa. Lakini mwananchi aliyekuwa barabarani mwezi wa Juni alikuwa na haki ya kuuliza kama wale waliokubaliwa mwaka 2022 hawakupita katika mlango huo huo, na kama walipita, mlango ulilinda nini. Maswali mengi hayafanyi udhamini, kama vile sahihi nyingi hazifanyi mkopo ulipwe. Kinachohitajika ni muulizaji anayejua kwamba jibu baya litamgharimu yeye.

Na hapa mbunge ana udhaifu ambao mjomba wa zamani hakuwa nao. Mjomba alilima katika nchi ile ile aliyomkubalia mpwa wake. Mvua ikikosekana, njaa ilimpata yeye kwanza. Mbunge hukubali Dodoma, na matokeo ya kukubali kwake hushuka mpaka Gare, kwa mtu anayengojea mbegu na anayetaka mboga zake zifike Mombo kabla hazijanyauka. Kauli ya mbunge ni kauli ya kuazima. Si lazima imwume aliyeitamka. Ndiyo maana rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, katika kutaka mawaziri wasiwe wabunge na wathibitishwe na Bunge, ilikuwa imegusa nusu moja tu ya jambo. Rasimu hiyo haikupata kuwa sheria, na Katiba ya mwaka 1977 ndiyo inayofuatwa. Lakini hata kama ingalipita, ingalibaki kazi isiyoandikika katika ibara: kumfanya anayekubali kwa niaba ya mwingine alisikie jambo kama vile shamba ni lake.

Labda ndiyo sababu wakulima hawana maswali mengi. Katika mkutano wa mfereji hakuna atakayemwuliza mteule juu ya vyeti vyake, wala atakayemtaka aeleze maono yake kwa taifa. Mzee amekwisha kumtaja. Heshima yake inatambuliwa na hakuna anayemvunjia. Atasimama mtu mmoja wa chini, pengine mwanamke mjane mwenye kishamba cha maharage kule ambako maji hufika mwisho, naye atauliza kama shamba la mteule liko juu ya mfereji au chini. Akiambiwa liko juu, atauliza ni nani atakayelala kwenye zamu pamoja naye usiku wa kiangazi. Na mkutano utakaa kimya kungoja jina la pili.