Deni Ambalo Sikuwahi Kuliungama



Wapendwa vijana, leo tuzungumze jambo ambalo kwenye mafungo hatuligusi sana: pesa za kukopa. Swali langu ni hili: kutolipa mkopo wa simu ni dhambi, au ni bahati mbaya tu?

Mimi nilijijibu zamani kwamba si dhambi. Mwaka 2019, hapa Nairobi, nilikopa shilingi 500 kwa simu nikalipa kwa wakati. Kiwango kikapandishwa, nami nikafurahi kwamba nimeaminiwa. Harusi ya binamu yangu ilipokaribia nikachukua 3,000, nikanunua gauni na viatu. Siku ya kulipa ikafika sina kitu. Nikafanya nini? Nikatupa laini nikanunua nyingine. Moyoni nikasema, kampuni ina mamilioni, itapungukiwa nini?

Wiki chache baadaye mama alipigiwa simu akiwa sokoni, wateja wakisikia. Sauti asiyoijua ikamwambia, "Mwambie binti yako alipe pesa za watu." Mama hakunigombeza. Jioni aliniuliza tu, "Mwanangu, ni kweli?" Nikamjibu, "Hapana, mama, hao ni matapeli." Yaani deni dogo likazaa uongo, tena kwa mama.

Kumwaibisha mdaiwa kwa ndugu zake ni kosa, na tangu 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kufanya hivyo. Lakini kosa lao halikufuta langu.

Mwaka 2021 nilitaka mkopo wa kununua cherehani. Kumbe niko CRB! Kwa wasiojua, CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za jinsi tunavyolipa mikopo. Kutokana na kumbukumbu hizo mtu hupewa alama; za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900. Ukilipa kwa wakati zinapanda, ukichelewa zinashuka. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa, jina lako huweza kuorodheshwa. Nilitazama alama zangu nikahisi kama nimesomewa hukumu.

Jumamosi hiyo nilienda kwenye kitubio. Nilikuwa nimeungama mengi miaka ile, hasira, uvivu, misa nilizokosa, lakini deni sikuwahi. Nilipolitaja, nilitegemea padri aniambie nisali rozari. Akaniuliza, "Na utalipa lini?" Nikanyamaza. Swali hilo lilinionyesha kwamba nilitaka kusamehewa bila kurudisha cha watu.

Katekisimu, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi za haki lazima zitimizwe. Namba 2412 inatukumbusha Zakayo, ambaye mbele ya Yesu aliahidi kurudisha. Nilipobonyeza "kubali" kwenye simu nilitoa neno langu. Kampuni kutokuwa na uso hakulifanyi neno langu kuwa la bure.

Hata hivyo, tusiwe wepesi kuhukumu. Alama zinaona tarehe na kiasi, haziuoni moyo. Kijana aliyeshindwa kulipa kwa sababu baba yake alilazwa hospitalini anaweza kuwa na alama sawa na mimi niliyetaka kupendeza harusini. Yule mjane wa Injili aliyetoa sarafu mbili asingekuwa na alama yoyote, lakini Yesu alimsifu kuliko matajiri. Kwa hiyo alama zikishuka usijione takataka, na zikipanda usijione mtakatifu.

Nililipa kwa miezi minne, zaidi ya elfu nne pamoja na riba. Kisha nikamwambia mama ukweli. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Alicheka kidogo akasema, "Nilijua tangu siku ile."

Nikajifunza jambo moja. Kwenye kitubio nilisamehewa papo hapo. Kwenye CRB, rekodi ya deni lililochelewa hukaa miaka mitano hata baada ya kulipwa, ingawa inaonyesha umelipa. Mungu anasamehe mara moja, lakini uaminifu mbele ya watu hujengwa upya taratibu. Sioni ukatili hapo. Ni malezi.

Basi, mdogo wangu, ukitaka kukopa jiulize: ni hitaji, au nataka kuonekana? Nitalipa kwa pesa gani, ninayoijua au ninayoiota? Usikope huku ili ulipe kule. Ukiona hutaweza, mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe, usibadilishe laini. Omba ripoti yako CRB, sheria inakupa moja bure kila mwaka, na ukikuta kosa una haki ya kudai lisahihishwe. Na rafiki akikuambia yuko CRB, usimcheke. Muulize mtasaidianaje.

Mtakatifu Paulo anawaambia Warumi wasiwe na deni kwa mtu yeyote isipokuwa la kupendana. Deni hilo hatutalimaliza kamwe. Haya mengine, tuyalipe.

Tusali: Ee Bwana, utujalie kutosheka na tulicho nacho, ujasiri wa kusema ukweli, na neno moja mbele ya watu na mbele zako. Amina.

Wewe je, kuna deni unalolikwepa wiki hii? Anza na simu moja leo.