Mzee Wangu, Moyo Hauli Maandazi

Umekula chakula cha usiku, umeshiba. Taarifa ya habari imekwisha, nyumba imenyamaza, na mkono tayari uko kwenye kopo la biskuti. Mama yangu, mzee wangu, usijiite mroho. Moyo ndio unaodai, tumbo linalipishwa. Nami nakuambia kwa yakini: hali hii unaiweza, uwe na miaka 60, 70 au 80.

Tazama ilikotoka. Miaka nenda miaka rudi uliamka alfajiri ukijua unakokwenda. Ulipofika 60 ukapewa barua ya kustaafu, asubuhi zikakosa kazi. Watoto wakahamia mjini. Mwenzio akafariki, watu wakajaa msibani, arobaini ikapita, kila mmoja akarudi kwake. Faraja ya karibu ikabaki jikoni. Na mwili nao unachochea: msongo ukidumu, homoni ya kotisoli huamsha hamu ya vitamu na vya mafuta, na usingizi ukipungua, njaa huongezeka. Hamu yako ina chanzo, na chanzo kikijulikana, mtu hujua pa kuanzia.

Anza kwa kuzitofautisha njaa mbili. Njaa ya tumbo huja polepole na haichagui: kiazi kitamu sawa, kunde sawa, kiporo sawa. Njaa ya moyo huja ghafla na huchagua. Itataka andazi, itataka soda, na hata ukishiba itaendelea kudai. Kwa hiyo kabla hujafungua kabati, jiulize: ningeletewa kiazi cha kuchemsha sasa hivi, ningekila? Kama hapana, tumbo lako halina shida. Una upweke, au huzuni, au hofu, au umechoka tu. Sema ni kipi. Kunywa maji, maana umri ukisogea kiu haijitangazi vizuri, kisha ngoja dakika kumi.

Katika dakika hizo kumi, upe moyo chakula chake, nacho ni watu. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Walifundishwa kusikiliza, wakaketi na wenye huzuni kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa ya sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Akina bibi, watu wa rika lako! Mazungumzo yana nguvu hiyo, na wewe unayo ya kutoa na ya kupokea.

Basi andika majina mawili ya watu utakaowapigia simu saa ile ngumu, uyabandike mlangoni pa kabati. Rudi barazani, rudi kwenye kwaya, rudi darasani msikitini, rudi kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mfundishe mjukuu kusuka ukili. Otesha mchicha, maana mwenye bustani ana sababu ya kuamka. Kule Korogocho, Nairobi, akina bibi hukutana kujifunza mbinu za kujihami, wakipiga ngumi na mateke. Wewe nakuomba utembee tu jioni na jirani yako.

Wala usijinyime chakula. Anayeshinda njaa mchana hushindwa usiku. Kula milo yako kwa wakati, na uweke dagaa, maharage au yai, kwa kuwa misuli hupungua uzeeni na inahitaji protini. Sukari ndiyo ya kuangalia: Shirika la Afya Duniani linasema ni bora isizidi takribani gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu vimeshamaliza fungu lote. Kama unatumia dawa za kisukari, usiruke mlo, na mabadiliko yoyote yapange na daktari. Muulize pia kuhusu dawa zako nyingine, kwani zipo zinazoongeza hamu ya kula, mfano prednisolone. Ukiteleza usiku mmoja, usijiadhibu. Asubuhi kunywa uji wako kama kawaida, uendelee.

Nawe mwanawe, sikia. Usimkaripie mama mezani mbele ya wajukuu. Aibu humrudisha jikoni watu wakishalala. Usimletee katoni ya soda ukadhani umemaliza wajibu. Mpigie saa tatu usiku, nyumba inapokuwa kimya. Nenda ukale naye, ukae, umwache asimulie hadithi unayoijua tayari.

Mzee wangu, umelea, umezika, umejenga, umesomesha watoto kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Nguvu iliyokuvusha huko haikustaafu. Leo, kabla jua halijazama, mpigie mtu mmoja umwambie, "Nimekukumbuka, njoo tuongee." Kesho mpigie wa pili. Keshokutwa nenda wewe kwao. Inuka, mzee wangu. Unaweza!