Jani la Mgomba Halina Sahihi

Nasomea usanifu wa grafiki, na simu yangu imejaa picha za vifungashio. Inayonisumbua ni moja: kitita cha miraa kutoka Maua. Jani la mgomba limezungushwa likabana, na kamba imetoka mgomba huohuo. Miraa huharibika kwa siku mbili hivi. Jani huilinda isikauke hadi ifike Nairobi, hata Mogadishu. Hawakungoja marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017.

Sasa nikifunga sabuni hivyo, nibandike lebo safi, sifa zitakuwa zangu. Wenzangu husema jani halina mwenyewe. Jani, sawa. Na mkunjo je? Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka jamii iombwe idhini kabla ya mtu wa nje kuvuna faida. Mimi wa Embu ni jirani tu, lakini nitamwomba nani? Wazee wa Njuri Ncheke, ama yule kijana anayefunga vitita bila hata kuangalia vidole vyake?

Kwa sasa, chini ya lebo nitaandika: “Ufungaji: Maua, Meru.” Mhadhiri atasema maneno hayo yanajaza nafasi. Si yajaze tu.