Kungoja Usichokijua Mwisho

Jioni moja hapa Mlangali, kijana wa kaka yangu aliyesomea kompyuta alinipa mchezo. Chukua namba. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ujumlishe 1. Ukifika 1, umemaliza. Nikaanza na 26. Hatua 10 tu. Nikajaribu 27. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na nilipofika hatua ya hamsini niliapa kwamba haina mwisho.

"Ngoja, baba mdogo," akasema. Ilifika 9,232 kabla ya kuteremka, na ikakoma hatua ya 111. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kama kila namba hukoma.

Basi, nikamwuliza, si itungwe programu ya kutuambia mapema, kwa kazi yoyote, kama itakwisha au itazunguka milele? Akasema haiwezekani, Mwingereza Alan Turing alithibitisha hivyo mwaka 1936. Nikabisha sana. Akasema: tuseme mwamuzi huyo yupo. Mimi natunga programu kaidi inayomwuliza habari zake yenyewe. Akijibu "utakoma", inazunguka milele. Akijibu "hutakoma", inakoma papo hapo. Vyovyote ajibuvyo, amekosea. Zipo programu nyingi ambazo mwisho wake hujulikana, lakini mwamuzi wa zote hawezi kuwapo. Ukiiendesha ikakoma, umejua. Isipokoma, labda bado kidogo, labda kamwe.

Hapo nilinyamaza, maana nilikumbuka Liganga. Mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, humu wilayani Ludewa, ulipotiwa saini mwaka 2011, nilimshauri mwanangu asiende mbali, angoje ajira. Akangoja miaka minane. Kila mwaka nilimwambia kwamba, kwa kuwa tumekwisha kungoja sana, mwisho lazima uwe karibu. Kumbe urefu wa kungoja haukuwa ushahidi wa chochote.

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya Turing. Programu haina nia. Haiwezi kuitwa mkutanoni ikaeleze itamaliza lini. Mradi una watu, na watu huulizwa. Katika mikutano yote ile ya kijiji niliketi mbele, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani kumhimiza mtoto avumilie.

Mwaka 2019 alikwenda Makambako kuuza mbao. Aliaga kwa adabu, wala hakuniuliza nilijuaje kwamba kazi itaanza. Afadhali angeniuliza.