Mti wa Moto ni wa Nani?

KARATASI YA IJUMAA – GOMA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu katika imani, ninajiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha ninawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na jikoni.

Nimesema jikoni, na leo hotuba yetu inaanzia hapo. Katika Suratul-Waaqi'ah, aya ya 71 mpaka 73, Mola wetu anatuuliza juu ya moto tunaouwasha: je, ni sisi tuliouotesha mti wake, au ni Yeye? Kisha anatujulisha kwamba ameufanya moto huo kuwa ukumbusho, na manufaa kwa wasafiri.

Kila mama wa Goma anayepuliza mbabula yake alfajiri anaulizwa swali hilo. Na mume wake aliyetoa pesa ya makala anaulizwa. Mti huu ni wa nani? Nani aliuotesha, nani aliukata, na ulifikaje hapa?

Ndugu waislamu, jibu tunalijua. Sehemu kubwa ya makala ya mji huu inatoka katika Hifadhi ya Virunga. Mti uliokua miaka mingi unaangushwa, unakatwa vipande, unafunikwa udongo na kuchomwa polepole kwa siku kadhaa. Katika matanuru hayo ya udongo kilo 5 mpaka 10 za mti hutoa kilo 1 tu ya makala. Kilichobaki kimekuwa moshi. Kisha gunia linateremka njiani, na kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha vimekuwa vikitoza kodi juu yake. Gunia linaingia mjini juu ya lori au juu ya chukudu, na sisi tunanunua tukisema, "Mimi nimelipa pesa yangu, dhambi iko wapi?"

Wenzetu, tutazame waliolipa kabla yetu. Ijumaa ya tarehe 24 Aprili 2020, siku zilezile mfungo wa Ramadhani ulipokuwa ukianza, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva 1 na raia 4. Tarehe 10 Januari 2021 wakauawa walinzi wengine 6. Tangu hifadhi ianzishwe, walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha yao kazini. Walikuwa baba za watoto, na wajane wao tunaishi nao. Mwaka 2007, mwezi wa Julai, hata sokwe wa mlimani wa familia ya Rugendo walipigwa risasi usiku, upande wa Bukima. Hawakuliwa wala hawakuibiwa. Waliachwa pale, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara ya makala, ili walinzi wavunjike moyo.

Na dada zetu? Vita ilipowaleta ndugu zetu kwa malaki katika kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, mwaka 2023 na 2024, akina mama waliingia porini kutafuta kuni, kwa sababu chakula kibichi hakiliwi. Wengi walishambuliwa na kuvunjiwa heshima huko. Mwanamke alikuwa akichagua kati ya njaa ya watoto wake na heshima ya mwili wake. Umma unaosikia hayo na kunyamaza una la kujibu mbele ya Allah.

Wapo wanaosema: pori hili ni la wazungu, waliliweka wao mwaka 1925, sisi halituhusu. Ndugu yangu, ni kweli Wabelgiji ndio waliotangaza mpaka ule, na wapo wananchi wenye manung'uniko ya haki juu ya mashamba ya wazee wao. Madai hayo yaletwe kwa sheria na yasikilizwe. Lakini usiseme kuhifadhi ni jambo la wazungu. Mtume wetu (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Mbelgiji kufika hapa. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Na Sayyidna Abubakar (r.a.) alipotuma jeshi aliwakataza askari wake kukata miti yenye matunda. Ikiwa askari vitani anakatazwa, je, sisi tuliokaa mjini tuna ruhusa gani?

Kumbukeni pia mfano alioutoa Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kila wakitaka maji, walikuwa wakipita kwa wa juu. Wakaona watoboe tundu upande wao, wasiwasumbue wenzao. Mtume akabainisha kwamba wakiachwa, wataangamia wote, na wakizuiliwa, wataokoka wote.

Sisi tunaosafiri kwa meli kwenda Bukavu tunauelewa mfano huo. Na tutazame jambo moja ndani yake: wale wa chini walikuwa na haja ya kweli. Walikuwa na kiu. Maskini anayekata mti naye ana haja ya kweli. Kumzuia tu hakutoshi. Wa juu wana wajibu wa kumteremshia maji.

Ninasema haya, na ninamwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah. Enyi waja wa Allah, maji ya kumteremshia mwenye kiu ni yapi? Ni moto usiotokana na mti wa wizi.

Mola ametupa mito inayoshuka kutoka milimani. Kituo cha umeme cha Matebe, juu ya mto Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 na kina megawati zaidi ya 13. Maji yanapita, yanazungusha mashine, yanarudi mtoni, wala mti haukatwi. Umeme huo ulifika mpaka Goma. Na Januari 2025, vita ilipoharibu nyaya, tulijifunza thamani yake: pampu zilisimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni kuchota maji ya kunywa. Anayeiba nyaya, au anayejiunganishia kwa siri, anawaibia wagonjwa hospitalini na watoto wanaosubiri maji.

Basi tushike mambo haya matano.

La kwanza, aliyepewa uwezo aanze yeye. Mwenye umeme nyumbani na pesa ya kuulipia apikie resho, au gesi ya mtungi. Asishindane na maskini kununua gunia. Kila mmoja ataulizwa kwa kadiri ya alichopewa.

La pili, asiye na uwezo huo apunguze. Mbabula iliyoboreshwa, yenye udongo ndani, inatunza joto na kula makala machache. Maharagi yalowekwe usiku kucha. Sufuria ifunikwe. Chakula kikiiva, makala yazimwe na kuwekwa kwa kesho. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Kuacha moto unajilia bure ni israfu.

La tatu, tuwaulize wauzaji makala yametoka wapi. Tangu mwaka 2007, kwa mpango unaoitwa EcoMakala, wakulima wa Kivu ya Kaskazini wamepanda miti katika mashamba yao wenyewe ili kuni na makala yatoke huko. Yakipatikana ya namna hiyo, tuyapendelee. Lakini asionewe mama anayeuza fungu kando ya njia ili watoto wasome. Mwenye kesi kubwa ni anayejaza malori na anayekula kodi ya damu.

La nne, tupande. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake. Na akafundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza, aupande. Udongo wetu ni mawe ya volkano, hilo linajulikana. Hata hivyo kila msikiti na kila madrasa ina pembe ya kiwanja.

La tano, tuseme. Wavuvi wa Ziwa Edward na wakaaji wengine walisimama dhidi ya uchimbaji wa mafuta ndani ya hifadhi, na Juni 2014 kampuni ya SOCO ikakubali kusimamisha kazi yake huko. Serikali ilipotangaza tena mnada wa vitalu vya mafuta Julai 2022, sauti zilipazwa tena, na Oktoba 2024 mnada ule ukafutwa. Kuamrishana mema kwa adabu na kwa kudumu kuna matunda.

Na onyo kwa akina mama na vijana: baridi ya usiku isiwafanye mlale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wa Goma tunajua mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua bila kelele. Hewa ya makala nayo inaua hivyo hivyo, na hiyo tunaiingiza kwa mikono yetu.

DUA

Ewe Mola wetu, turehemu sisi na wazee wetu. Wape subira wajane na mayatima wa walinzi, na wa kila aliyeuawa katika ardhi hii. Wahifadhi dada zetu njiani na porini. Turudishie amani Kivu. Utupe riziki ya halali, na moto wa halali wa kuipikia. Siku utakapotuuliza juu ya mti, tuwe na jibu. Amin.

Waja wa Allah, simameni tuswali.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu: usiitupe chini, wala usiwashie makala.