Subira ya Mgonjwa ni ya Nani?

 

Ndugu zangu wanafunzi, nataka tujiulize swali ambalo wanazuoni wetu wameligusa mara nyingi, lakini sisi tunapokwenda kumzuru mgonjwa tunaliacha mlangoni pamoja na viatu. Mtu mwenye saratani anaumwa, na dawa ya kumtuliza ipo. Je, tuna haki ya kumwambia asiinywe ili apate thawabu za subira?

Swali hili sikulitunga darasani. Muhula uliopita baadhi yetu tulikwenda kumtazama mama mmoja, jirani wa msikiti tunaoswali, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Muuguzi alikuwa amemletea chupa ya mofini ya maji. Chupa ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa. Mzee mmoja wa ukoo, Hajji anayeheshimika, alitueleza kwa upole kabisa kwamba dawa ile ni katika vileo, na kwamba maumivu ni kafara ya dhambi, kwa hiyo wameona bora Mama asubiri. Wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali. Mama mwenyewe alikuwa amelala ubavu, ameuma pembe ya leso. Katika mazungumzo yote yale hakuna aliyemuuliza yeye.

Simlaumu Hajji. Alisema kile ambacho wengi wetu tumekisikia, na alikisema kwa mapenzi. Lakini hoja zake tatu zinastahili kuchunguzwa, kwa sababu nyuma yake yuko mtu anayeumia usiku na mchana.

Hoja ya kwanza ni kwamba dawa hii ni kileo. Tuanze na dawa yenyewe. Hapa Uganda mofini ya kunywa ilianza kuenea baada ya Dk. Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Ni unga unaochanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, na mgonjwa huipima na kuinywa nyumbani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika, kwa sababu vijijini daktari ni wa kutafutwa. Mgonjwa haitozwi pesa. Hii ni sehemu ya kile kinachoitwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili, ya moyo na ya roho, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauponi tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini imo kama dawa ya maumivu makali.

Anayeinywa kwa kipimo huwa na usingizi siku za mwanzo, kisha kwa wengi usingizi hupungua. Hufunga choo, na kwa hiyo hupewa dawa ya kulainisha. Kipimo huanza kidogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu. Anayeinywa hivi hafuati starehe, anatafuta apate kulala. Fiqhi yetu inaijua tofauti hiyo. Imam al-Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa Afrika Mashariki tunamsoma zaidi ya wengine, alijadili mtu anayetakiwa kukatwa mkono ulioliwa na maradhi: je, anaruhusiwa kunywa kitu kitakachomwondolea akili ili asihisi? Akataja kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba inaruhusiwa. Angalieni kwamba mfano wake ni wa kuondoka akili kabisa. Kama hilo limeruhusiwa kwa haja ya tiba, basi kipimo kinachomwacha mtu akijua jina la mjukuu wake kina nafasi zaidi ya kuruhusiwa.

Hoja ya pili ni kafara. Ni kweli, na hakuna Muislamu anayeikataa: Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna uchovu, maradhi wala huzuni inayompata Muislamu, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Lakini ni nani kati yetu aliyechomwa na mwiba akauacha mguuni ili azidi kufutiwa? Tunauchomoa, na tunatarajia thawabu kwa ule uchungu uliokwisha kutupata. Hadithi imezungumzia kinachotupata, haikutuamrisha tukizuie kisiondoke. Mtume huyo huyo alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Tena mgonjwa wa saratani aliyekunywa mofini hajamaliza mitihani yake. Bado ana hofu, ana udhaifu, ana harufu ya kidonda inayomwonea haya, ana watoto anaowaacha. Mwenye kuogopa kwamba thawabu zitamwishia kwa sababu amelala saa nne, anaidhania hazina ya Mola wake kuwa ni ndogo.

Na wala kutuliza si jambo lililoletwa na hospitali. Katika Sahihi ya Bukhari Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, akisimulia kutoka kwa Mtume kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Aliyefiwa hana ugonjwa wa kuponywa. Anapewa uji ili apumzike. Basi kumpumzisha mtu ni jambo lenye asili katika Sunna, hata kama halimponyi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ninakiri inanigusa. Wanasema: tunataka afe akili yake ikiwa timamu, aseme shahada. Nani kati yetu asiyetaka hivyo kwa mama yake? Lakini hoja hii inachukulia kwamba akili ya anayeumwa sana ni timamu. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na wanazuoni wakaambatanisha na hasira njaa kali, kiu na maumivu makali, kwa sababu vyote huishughulisha akili. Yaani fiqhi ilikwisha kutambua zamani kwamba maumivu nayo huiteka akili. Mtu anayepiga kelele usiku kucha hana nafasi ya dhikri. Hasemi shahada, anamwita mama yake aliyekufa miaka arobaini iliyopita. Kumtuliza kwa kipimo kunaweza kumrudishia ulimi wake.

Hata hivyo, tuseme hoja zangu zote hizi zina majibu, na kwamba kweli ipo daraja ya juu kwa anayevumilia bila dawa. Hapo ndipo linapokuja swali la kichwa cha makala hii. Daraja hiyo ni ya nani kuichagua?

Wanaotetea uvumilivu hutaja visa viwili. Cha kwanza ni cha mwanamke mweusi aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba anapatwa na kifafa na nguo humfunuka, akamwomba amwombee dua. Mtume akampa hiari: akitaka asubiri na apate Pepo, au akitaka amwombee apone. Akachagua kusubiri. Cha pili ni cha Urwa bin al-Zubayr, aliyekatwa mguu wake na kukataa kunywa kitakachomwondolea akili ili aendelee kumtaja Mola wake.

Visa hivi ni vya kweli kuvitukuza. Lakini tuvisome mpaka mwisho. Mwanamke yule alipewa hiari, na Mtume hakumchagulia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kuwachagulia waumini. Tena hata baada ya kuchagua subira, bibi yule aliomba kitu kimoja: asifunuke tena, na Mtume akamwombea hilo. Alibeba ugonjwa, lakini aliomba apunguziwe kile kilichomvunjia heshima. Na Urwa? Kinywaji kililetwa. Aliyekikataa ni mwenye mguu, si ami yake wala majirani waliokuja kumzuru.

Kipo kisa cha tatu ambacho hatukitaji sana. Katika maradhi yake ya mwisho, Mtume (S.A.W.) aliwaashiria watu wa nyumbani kwake wasimtie dawa kinywani. Wakadhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamtia. Alipopata nafuu kidogo aliwalaumu, na akaamrisha waliokuwamo nyumbani watiwe dawa ile ile vinywani mwao, isipokuwa Abbas, kwa sababu hakuwapo. Hapa mgonjwa alikataa na wao wakalazimisha. Kwa Mama yetu ilikuwa kinyume: dawa ilizuiwa bila yeye kusema. Lakini ukiviweka visa vyote pamoja utaona kinachoviunganisha. Kauli ilikuwa ya mgonjwa.

Hii ndiyo hoja yangu. Subira ni ibada, na ibada inahitaji nia ya mwenyewe. Siwezi kukufungia swaumu kwa kukuficha chakula. Nikifanya hivyo nimekushindisha njaa tu. Vivyo hivyo, siwezi kukupatia thawabu za subira kwa kukuficha dawa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumhimiza mwenzako asubiri huku wewe umesimama kando ya kitanda chake ni jambo jepesi mno. Juu ya mgonjwa ipo subira. Juu yetu sisi tuliosimama upo wajibu mwingine, na wajibu huo ni huruma. Ayyub (A.S.), ambaye ndiye mfano wetu katika subira, alimlalamikia Mola wake kwamba madhara yamemgusa, na hilo halikumtoa katika wenye kusubiri.

Siku ile, wanaume tulipotoka kuswali Laasiri, mke wa imamu alibaki chumbani. Baadaye alituambia kwamba alimwinamia na kumwuliza, “Mama, wewe mwenyewe unataka nini?” Akajibu kwamba anataka dawa, na kwamba siku nne hajaweza kuswali hata kwa ishara kwa sababu kila anapoanza Fatiha anaisahau katikati. Hajji alipoelezwa hakubisha. Aliinuka mwenyewe akaishusha chupa.

Najua yapo maswali yanayobaki. Je, mgonjwa akikataa kwa hiari yake? Basi tumheshimu, lakini tuhakikishe ameelezwa dawa inafanya nini na haifanyi nini, na tumwulize tena kesho, kwa kuwa aliyeweza jana huenda asiweze leo. Tena tumwulize akiwa peke yake. Mtu aliyezungukwa na wageni kumi wanaosifu subira atasema “nitasubiri” kwa haya, na kauli ya haya si hiari. Je, mgonjwa asiyeweza kusema, kama mtoto mdogo au aliyepoteza fahamu? Huyo hana namna ya kunuia, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kumbebesha mzigo kwa niaba yake. Kanuni ya fiqhi inayosema madhara huondolewa inatutosha. Na je, tukihofia kwamba dawa itaharakisha kifo? Hilo tuwaulize wanaoipima. Kipimo kinachowekwa na aliyefunzwa, kikapandishwa hatua kwa hatua, kinakusudia maumivu na si roho ya mtu, na katika sheria yetu nia na kipimo vina uzito. Kumwua mgonjwa ili apumzike ni haramu, na hakuna ninachokisema hapa kinachofungua mlango huo.

Nchi yetu ina historia katika ugonjwa huu. Ni Kampala ambapo Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza Mulago mwaka 1967. Hata hivyo wagonjwa wengi bado hufika wamechelewa, wakati uponyaji umekuwa mgumu na kilichobaki ni kutuliza. Maana yake ni kwamba wengi wetu tutasimama kando ya kitanda kama kile, kwa mama, kwa baba au kwa mke. Na sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tutaulizwa: “Sheikh, hii inafaa?” Jibu letu litaamua kama mtu atalala au hatalala usiku huo.

Kwa hiyo napendekeza kwa jumuiya yetu mambo mawili. Kabla ya ziara za wagonjwa za muhula ujao, tumwalike muuguzi wa tiba shufaa atueleze dawa hizi, na tumwalike pamoja naye mmoja wa masheikh wetu, wakae meza moja tuwaulize wote wawili. Na tukiingia chumbani kwa mgonjwa, baada ya salamu na kabla ya mawaidha, tumwulize yeye anaumwa wapi na anataka nini. Kisha tunyamaze tumsikilize.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi waliofikiwa na ajali zao, na ajaalie maneno yao ya mwisho kuwa La ilaha illa Allah. Wallahu a‘lam.