Ramadhani 14: Ndege Asiye na Mwenyewe



Leo tumzungumzie ndege ambaye wengi wetu hatutamwona maishani. Anaitwa albatrosi. Anaishi bahari za kusini, na yule mkubwa wao akikunjua mabawa hufika mita 3. Hutaga yai moja tu kila miaka miwili, na baba na mama hulea kinda kwa zamu.

Huko huko, meli za jodari hutupa mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoano. Ndege hufuata chambo, ananasa, anazama. Akifa mzazi mmoja, kinda aliyebaki kisiwani naye hufa njaa. Nahodha hakukusudia. Je, ana lawama?

Asiyejua ana udhuru. Lakini dawa inajulikana: tupa mishipi usiku, iongezee uzito izame haraka, au funga kamba za kutishia ndege nyuma ya meli. Na kwa kuwa ndege hajui mipaka, nchi zilikaa pamoja. Mkataba wa kuwalinda albatrosi na jamaa zao ulianza kazi mwaka 2004. Mwaka 2012 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, ilizitaka meli za mishipi mirefu zinazovua kusini ya digrii 25 kutumia angalau njia mbili kati ya hizo tatu. Basi ukishajua, na njia unayo, huwezi tena kusema, "Sikukusudia."

Sasa, usiku, katikati ya bahari kuu, nani atakagua? Mara nyingi hakuna. Kanuni imeandikwa na wengi, lakini anayeitimiza ni mtu mmoja gizani.

Hali hiyo wewe unaijua. Saa nane mchana, uko peke yako, maji baridi yapo mbele yako. Hunywi. Unajua nani anakuona.

Mtume wetu (s.a.w.) alipomwona ndege anahangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamuru warudishwe. Ndege wa porini, hana mwenyewe wa kumdai mtu. Ana Mola wake.

Hebu leo jiulize: ni amana gani unayoitunza pale tu unapotazamwa? Anza na hiyo.

Allah atutakabalie funga zetu na atufanye waaminifu hadharani na faraghani. Aamin.

Tukutane kesho, inshaallah.